Ultrasaundi na njia nyingine za kuzuia shanti ya ubongo isizibe: ipi ya leo, ipi ya kusubiri

Shanti ya ubongo, yaani mrija wa kutoa maji yaliyozidi kichwani, huokoa maisha, halafu huziba. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watoto 344 waliowekewa shanti kwa mara ya kwanza, wakagawanywa kwa kura katika makundi matatu, kila kundi na aina yake ya valvu, kidude kinachodhibiti maji yanayopita. Mwaka mmoja ulipotimia, karibu shanti 4 katika kila 10 zilikuwa zimeshindwa. Ilipotimia miwili, zilizoshindwa zilizidi nusu. Waliopatwa na kuziba walikuwa 108, waliopatwa na maambukizi 28, na valvu mpya zilizotarajiwa kung'ara hazikuipiku ile ya zamani.

Kwa takwimu za namna hiyo, mtu akisikia kwamba ultrasaundi, yaani mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, yanaweza kuusafisha mrija bila kisu, ni haki yake kutega sikio. Wazo lina mantiki na lina watu makini nyuma yake. Lakini neno hilo moja limebeba mambo matatu yasiyofanana, na moja tu kati ya hayo unaweza kulikuta leo kwenye chumba cha upasuaji. Makala haya yanayaweka mambo hayo ubavu kwa ubavu na njia nyingine zinazoshindania kazi ileile, ili mzazi au mgonjwa anapokaa mbele ya daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo ajue anachouliza.

Kinachoziba ni nini hasa

Ubongo wa mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita ya maji kwa siku, ilhali yaliyomo kichwani na kwenye uti wa mgongo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Kwa hiyo maji yote hubadilishwa zaidi ya mara tatu kwa siku. Njia yake ya kutokea ikibanwa, vyumba vya ubongo hutanuka na presha ndani ya kichwa hupanda; hali hii huitwa hidrosefalasi. Shanti huyachota maji hayo kwa katheta, mrija mwembamba ulio ndani ya chumba cha ubongo, huyapitisha kwenye valvu chini ya ngozi ya kichwa, kisha huyashusha kwa mrija mrefu hadi tumboni. Wachache hushushiwa moyoni au kwenye uwazi unaozunguka mapafu.

Sehemu zote tatu zinaweza kuziba, ila ile ya ndani ya kichwa ndiyo yenye sifa mbaya kuliko zote, hasa kwa watoto. Tundu la ndani la katheta hiyo lina upana wa milimita moja na kidogo. Ubavuni, karibu na ncha, kuna safu za vitundu ambamo maji huingilia. Mtu angedhani kila kitundu kinachangia sawa, lakini mahesabu ya kompyuta yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya maji huingilia kwenye safu ya vitundu iliyo mbali zaidi na ncha, ile maji yanayoikuta mwisho yakielekea kutoka. Vya kwenye ncha hukaa karibu bila kazi. Kwa hiyo uchafu nao hufuata maji, na vitundu vichache vikishazibwa, vingine hupokezana mzigo hadi katheta nzima inakufa.

Je, uchafu huo ni wa namna gani? Siku za mwanzo huwa ni damu iliyoganda baada ya upasuaji. Baadaye ni seli za ubongo zenye kazi ya kujibu jeraha, ambazo hujibandika kwenye silikoni na kusuka utando kama kovu. Mara nyingine ni tishu ya koroidi, ileile inayotengeneza maji ya ubongo, inayoingiza vidole vyake kwenye vitundu na kukulia humo. Palipo na maambukizi huongezeka usaha na protini.

Hapo ndipo ulinganisho wote unapoanzia. Damu na protini ni takataka, na takataka husukumwa. Tishu ya koroidi iliyoingia kitunduni ni kitu hai chenye mishipa ya damu, bado imeshikana na ubongo upande wa pili, mithili ya mzizi wa mti ulioota ndani ya bomba. Ukiuvuta kwa nguvu, unatoa damu mahali ambapo damu haitakiwi kabisa. Madaktari wanaoondoa katheta ya zamani wanaijua hofu hiyo: ikigoma kutoka, wengine huona afadhali kuiacha humo na kuweka nyingine kando yake kuliko kuing'oa.

Kwa hiyo kila unapoambiwa kifaa fulani "kinazibua", uliza kinazibua kipi.

Jina moja, kazi tatu

Kazi ya kwanza ya ultrasaundi ni kuonyesha picha. Kwa mtoto ambaye utosi wake haujafunga, kipimo hiki huona vyumba vya ubongo bila mionzi na bila dawa ya usingizi, na daktari anaweza kukitumia akiwa anaingiza katheta ili aone ncha inaelekea wapi. Mantiki yake ni rahisi: ncha ikikaa kwenye maji, mbali na koroidi na kuta, huenda ikakawia kuziba.

Kazi ya pili ni kutikisa kutoka ndani. Kristali ndogo zinazotetemeka zikipewa umeme hufungwa kwenye katheta yenyewe, au waya mwembamba unaobeba mtetemo hupitishwa ndani ya mrija ulioziba. Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Toronto, akiwemo daktari James Drake aliyeongoza pia lile jaribio la valvu tatu, lilichapisha kazi ya kufungua katheta zilizoziba kwa njia ya aina hii. Nguvu iliyotumika ni ile wahandisi wanayoiita kavitesheni: mawimbi yanazalisha viputo vidogo ndani ya maji, viputo vinapasuka, na mpasuko huo unasaga kilichoko jirani.

Kazi ya tatu ni kupiga mawimbi kutoka nje ya kichwa, yapenye fuvu, yakaitikise katheta. Hii ndiyo inayovutia masikio zaidi, kwa sababu haidai upasuaji wala kubadilisha shanti aliyonayo mgonjwa.

Ya kwanza ipo hospitalini. Ya pili na ya tatu, kwa lengo la kuzuia au kuondoa kuziba kwa shanti, hazijawa tiba ya kawaida. Anayekuuzia huduma ya kuzibua shanti kwa ultrasaundi kana kwamba ni jambo lililozoeleka, mwombe akuonyeshe kibali cha utafiti.

Picha: nzuri kwa macho, si muujiza

Nianze na hii kwa kuwa ndiyo inayopatikana. Mtandao wa utafiti wa hidrosefalasi wa Amerika Kaskazini ulichapisha mwaka 2013 utafiti uliopangwa kujibu swali moja: je, kuongozwa na ultrasaundi kunaongeza idadi ya katheta zinazotua pahali pazuri? Jibu halikupendeza. Hakukuwa na ongezeko la kuaminika. Miaka kumi kabla, mwaka 2003, jaribio la watoto 393 lilikuwa limepima kuweka katheta kwa kutazama kupitia endoskopu, kifaa chembamba chenye kamera kinachoingizwa ndani, nalo pia halikuonyesha kwamba shanti zilidumu zaidi.

Haimaanishi picha haina kazi. Vyumba vya ubongo vikiwa vyembamba, kuchoma kwa kukadiria ni kubahatisha, na daktari yeyote mwangalifu atataka kuona anakokwenda, ama kwa ultrasaundi au kwa mitambo ya kuongoza inayotumia picha za MRI. Ninachosema ni kwamba mahali pa ncha si siri yote ya kuziba. Hospitali ikijinadi kwa kuwa na ultrasaundi ya chumba cha upasuaji, ni vizuri, lakini mimi ningeuliza kwanza idadi ya shanti wanazoweka kwa mwaka na namna wanavyofuatilia zinazoshindwa.

Kutoka nje au kutoka ndani

Sasa nguvu. Ultrasaundi ya nje ina adui mmoja mkubwa, nalo ni fuvu. Mfupa hunyonya na kutawanya mawimbi, na kadiri masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yanavyokuwa ya juu ndivyo unavyonyonya zaidi. Basi tumia masafa ya chini, utasema. Hapo unakutana na tatizo la pili. Wimbi la megahezi 1 ndani ya maji lina urefu wa milimita moja na nusu hivi, linaweza kulengwa mahali padogo. Wimbi la kilohezi 40, masafa yanayotumika kwenye beseni za kusafishia vyombo vya upasuaji, lina urefu wa karibu sentimita 4. Huwezi kulilenga kwenye katheta yenye unene wa milimita mbili na nusu. Utatikisa na ubongo ulioizunguka. Linalopenya vizuri halilengeki, na linalolengeka halipenyi vizuri.

Kwamba fuvu linaweza kushindwa, hilo limethibitishwa. Tangu mwaka 2016 Marekani imeruhusu ultrasaundi ya kulenga kutibu ugonjwa wa mikono kutetemeka. Lakini tazama gharama ya ushindi huo: kofia yenye vyanzo vya mawimbi 1,024, kichwa kilichonyolewa na kubanwa kwenye fremu, maji baridi yanayozunguka ngozi, na mgonjwa akiwa ndani ya mashine ya MRI ili joto lipimwe muda wote. Na lengo la hapo ni kuunguza sehemu ndogo ya ubongo. Anayetaka kusafisha mrija anataka kinyume chake: kila kitu kitikisike, kisiungue chochote.

Lipo onyo jingine ambalo wapenzi wa njia hii hawalitaji mara kwa mara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalifanywa majaribio kwa wagonjwa wa kiharusi ya kuongeza ultrasaundi ya kilohezi 300 juu ya dawa ya kuyeyusha damu. Yalisimamishwa mapema baada ya wagonjwa 26 tu. Kati ya 14 waliopata dawa pamoja na ultrasaundi, 13 walionekana kwenye MRI kuwa na damu iliyovuja. Kwa waliopata dawa peke yake walikuwa 5 kati ya 12. Ni kweli wale walikuwa wagonjwa wa kiharusi wenye dawa ya kuyeyusha damu mwilini, si watu wa shanti. Hata hivyo, maelezo yaliyotolewa baadaye yalitaja mawimbi kugonga upande wa pili wa fuvu, kurudi na kurundikana mahali pasipotarajiwa, na fuvu la mwenye shanti ni fuvu lilelile.

Ultrasaundi ya ndani inalikwepa fuvu, na kwa hilo peke yake naiona ina nafasi bora. Chanzo cha mtetemo kiko kwenye tatizo lenyewe, kwa hiyo kinahitaji nguvu ndogo. Ila nayo ina madeni yake. Katheta hutengenezwa kwa silikoni laini, na kitu laini humeza mtetemo badala ya kuupitisha. Beseni la kusafishia hufanya maajabu kwa mkasi wa chuma, si kwa mpira. Silikoni pia hupata joto mawimbi yakipita. Kanuni za kimataifa za vifaa vyenye umeme vinavyowekwa mwilini hazitaki uso wa kifaa uzidi joto la mwili kwa zaidi ya nyuzi 2, kwa hiyo dozi lazima iwe fupi. Umeme nao utatoka wapi? Betri huisha na kudai upasuaji, na koili ya kuchaji kupitia ngozi huongeza kitu kingine cha kuharibika.

Kisha kuna swali la takataka. Kilichosagwa kinakwenda wapi? Kikifuata maji, kituo kinachofuata ni valvu, yenye njia nyembamba kuliko katheta. Umeokoa mlango wa mbele ukaziba wa nyuma. Wabunifu makini hulijibu swali hili kwa kutumia mtetemo mapema, kabla hakijajengeka cha kusagwa.

Na hapa ndipo ninapoona ukweli wa ultrasaundi ulipo. Utando wa protini hujipaka kwenye silikoni mapema sana baada ya kuwekwa, kisha seli hufuata na kushika. Kuzibandua seli ambazo bado hazijajishikiza vizuri kunahitaji nguvu ndogo sana kuliko kukata tishu iliyokwisha kuota. Mtetemo mdogo wa kila siku, tangu siku za mwanzo, ni wazo linaloingia akilini kifizikia. Pigo kubwa moja miaka mitatu baadaye, kwa katheta iliyoshikwa na koroidi, ni jambo la kuogopa.

Washindani wake

Mshindani wa karibu ni sumaku. Kundi la Hyowon Lee wa Chuo Kikuu cha Purdue limetengeneza vibapa vidogo vya sumaku vinavyokaa kwenye vitundu vya katheta. Ukiweka uga wa sumaku unaobadilika nje ya kichwa, vibapa vinapunga na kukwangua kilichoanza kujibandika. Lengo ni lilelile la ultrasaundi ya ndani, lakini fuvu si kizuizi kwa sumaku na hakuna betri. Udhaifu wake uko wazi: mtu mwenye shanti hupigwa MRI mara nyingi maishani, na kila kitu cha sumaku kichwani mwake lazima kithibitishwe kuwa hakitasogea wala kupata joto ndani ya mashine hiyo. Ningelazimika kuweka dau kati ya teknolojia mbili ambazo bado ni za maabara, ningeweka kwenye sumaku kabla ya ultrasaundi ya nje, na ningeweka sumaku na ultrasaundi ya ndani karibu sawa.

Mshindani wa pili ni maji yenyewe. ReFlow ni kifaa kilichoruhusiwa Marekani, chenye kikuba kidogo kinachokaa chini ya ngozi kati ya katheta na valvu. Kikibonyezwa, kinarudisha kiasi kidogo cha maji ya mgonjwa mwenyewe kwa msukumo kuelekea kwenye katheta, kusukuma kilichoanza kuziba. Hakina betri, hakina mawimbi, kinaeleweka na mtu yeyote. Kwa upande mwingine, anayetaka kukiongeza kwenye shanti ya zamani anarudi chumba cha upasuaji, na msukumo wa maji hauna ubavu mbele ya koroidi iliyoota. Lakini ukikilinganisha na ultrasaundi leo, kipo na ultrasaundi haipo, na hilo ni jambo kubwa kwa anayechagua leo.

Nitaje haraka valvu zinazorekebishwa kwa sumaku kutoka nje, maana watu wengi hudhani ni dawa ya kuziba. Sivyo. Hizo hurekebisha kiwango cha presha ambacho maji huanza kupita, jambo lenye manufaa hasa kwa watu wazima ambao maji yakitoka mno au kidogo mno hali hubadilika. Haziuzuii mrija kuziba.

Katheta zenye dawa ni habari nyingine. Jaribio la BASICS lililofanyika Uingereza na Ireland na kuchapishwa mwaka 2019 liliwahusu wagonjwa 1,605, watoto na watu wazima. Waliowekewa katheta za kawaida walipata maambukizi kwa asilimia 6, waliowekewa zenye madini ya fedha asilimia 6 vilevile, na waliowekewa zilizolowekwa antibiotiki asilimia 2. Maambukizi si kuziba, najua, lakini shanti yenye maambukizi kwa kawaida hutolewa na kuwekwa nyingine baadaye, na ubongo uliopata maambukizi hubaki na makovu na vyumba vilivyogawanyika. Kati ya yote yaliyomo kwenye makala haya, hili ndilo lenye ushahidi imara kuliko yote, na halina mvuto wowote wa kiteknolojia. Wabunifu wa katheta nao wamejaribu kubadilisha ukubwa wa vitundu ili maji yaingie kwa usawa zaidi. Ni kazi yenye mantiki nzuri na yenye ushahidi mdogo kwa wagonjwa.

Mshindani mkubwa kuliko wote ni kuishi bila mrija. Kwa endoskopu, daktari hutoboa njia kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapite yenyewe. Daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf, akifanya kazi katika hospitali ya CURE huko Mbale, Uganda, aliongezea hatua ya kuunguza tishu ya koroidi, na mwaka 2005 alionyesha kwamba kwa watoto wachanga wa chini ya mwaka mmoja njia hizo mbili pamoja zilifaulu kwa asilimia 66, dhidi ya 47 kwa kutoboa peke yake. Jaribio lililofanyika hospitalini hapo na kuchapishwa mwaka 2017 liliwalinganisha watoto wachanga 100 ambao hidrosefalasi yao ilitokana na maambukizi. Mwaka mmoja baadaye, ukuaji wa akili wa waliofanyiwa endoskopu na wa waliowekewa shanti haukutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Tiba ilishindwa kwa asilimia 35 upande wa endoskopu na 24 upande wa shanti, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema moja ni bora.

Tofauti yake iko kwenye wakati. Endoskopu ikishindwa, mara nyingi hushindwa ndani ya miezi michache ya kwanza. Shanti huendelea kushindwa mwaka baada ya mwaka. Tahadhari ni kwamba tundu lililotobolewa nalo linaweza kujifunga baada ya miaka, likafanya hivyo ghafla, kwa hiyo kukosa shanti si kibali cha kuacha kwenda kliniki.

Utajuaje imeziba?

Kifaa cha kusafisha bila kifaa cha kujua ni nusu ya kazi. Leo daktari hutegemea dalili, picha za CT au MRI zikilinganishwa na za zamani, eksirei ya kuufuata mrija mzima kuona kama umekatika, na pengine sindano kwenye kihifadhi cha valvu kuona kama maji yanakuja. Ultrasaundi ya picha ina sehemu mbili hapa: utosini kwa mtoto mchanga, na tumboni kwa umri wowote, kwa kuwa huonyesha mfuko wa maji unaojijenga kwenye ncha ya chini ya mrija. Vipo pia vifaa vinavyobandikwa kwenye ngozi na kupima mabadiliko ya joto ili kutambua kama maji yanapita, kama ShuntCheck na FlowSense.

Zipo shanti zinazoziba huku picha zikionekana kama za kawaida, kwa sababu vyumba vya ubongo vya watu wengine vimekakamaa na havitanuki. Mzazi anayesema "hivi ndivyo alivyokuwa ilipoziba mara ile" anastahili kusikilizwa kuliko picha. Kichwa kuuma kunakozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, macho kushindwa kutazama juu, utosi uliovimba kwa mchanga: hizo ni safari ya hospitali usiku huohuo. Usiibonyeze valvu mwenyewe kupima, na usiweke mashine ya ultrasaundi ya maumivu ya misuli au ya urembo juu ya shanti. Haikutengenezwa wala kupimwa kwa kazi hiyo.

Kwa hali yako wewe

Mtoto ambaye bado hajawekewa kitu, uliza kuhusu endoskopu kabla ya kuuliza kuhusu aina ya shanti. Madaktari wana alama za kukadiria uwezekano wa kufaulu, zinazotazama umri, chanzo cha ugonjwa na kama aliwahi kuwa na shanti. Mtoto mkubwa ambaye njia ya maji imezibana kiasili ana nafasi nzuri. Mchanga wa wiki chache aliyeugua homa ya uti wa mgongo ana nafasi ndogo. Anayeishi mbali na hospitali yenye daktari wa ubongo alipe swali hili uzito zaidi kuliko wengine, maana shanti ikiziba haingoji usafiri.

Ikiwa shanti haiepukiki, nafasi ya kwanza naipa katheta yenye antibiotiki na timu inayoweka shanti nyingi. Ultrasaundi ya kuongoza ikiwepo, nzuri. Isipokuwepo, usihamie hospitali nyingine kwa ajili hiyo tu.

Ambaye shanti yake imeziba mara ya pili au ya tatu, jambo la kwanza ni kujua ilizibia wapi kila mara. Ripoti ya upasuaji inayo habari hiyo. Omba nakala uitunze. Ikiwa ni kichwani kila mara, mazungumzo ni kuhusu mahali pa ncha, kuhusu kifaa cha kusukuma maji kama kinapatikana, na kuhusu kujaribu endoskopu hata sasa. Ikiwa ni tumboni, mtetemo wa kichwani, uwe wa ultrasaundi au wa sumaku, hauna utakachokusaidia. Shanti ya mtu mzima mwenye hidrosefalasi ya presha ya kawaida, ile ambayo maji hujaa bila presha ya kichwani kupanda sana, huweza kuziba polepole, mwendo ukirudi kuwa mzito na mkojo kumponyoka bila kichwa kuuma, na familia ikadhani ni uzee.

Ukialikwa kushiriki utafiti wa ultrasaundi ya kusafisha shanti, sikukatazi. Uliza ni ya ndani au ya nje, na joto hupimwa vipi wakati wa dozi. Uliza inaanza lini baada ya kuwekwa, kwa kuwa ya kuanza mapema ina mantiki zaidi ya ile inayosubiri kuziba. Uliza kinachosagwa kinakwenda wapi na valvu imekingwaje, kama MRI itaruhusiwa, na nani atagharamia kukitoa kifaa utafiti ukiisha. La muhimu kwangu ni hili: kifaa kikiharibika, je, shanti itaendelea kupitisha maji kama shanti ya kawaida, au nayo itakwama pamoja nacho? Jibu likiwa la pili, kataa.